Nyumba isiyo na mugongo

Katika mikutano ya chama chetu tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, kilio, majina ya watoto na mali ya bukwe. Juu ya jiko, hapana. Jiko tunawaachia wamama, kama vile ni kazi tu na si desturi. Lakini mwaka uliopita yalitokea maneno katika nyumba yetu wenyewe, maneno ya ukuta mumoja na meza moja, na tangu pale hatuachi kujiuliza: je, chungu cha nyumba kinapaswa kuonekana na kila mutu anayeingia, ao kinapaswa kukaa nyuma? Na mutu anayekula, je, ni vema atazamwe? Tunaandika haya kusudi wengine nao wayafikiri, maana Lubumbashi nzima iko inajenga.

Ni kweli inajenga. Ukipita upande wa Golf, wa Kasapa, hata huku kwetu Kampemba, utaona nyumba mpya ambamo jiko na salo ni chumba kimoja. Watu wanaliita jiko la Kimarekani. Katikati kuna kaukuta kafupi kama kontwari ya baa, na viti virefu vya kukalia. Mwenyi kupika anaona televizio, na mwenyi kutazama televizio anamuona mupishi. Vijana wanaorudi toka migodini wanaleta plani hiyo katika telefone, wanamuonyesha fundi: fanya sawa hivi.

Sisi tuko walimu, plani hatukuwa nayo. Nyumba yetu ilijengwa chumba baada ya chumba kufwatana na mushahara: kwanza vyumba viwili vya kulala, kiisha salo, kiisha jiko kadogo ka nyuma kenye kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Salo tuliipamba, hatuwezi kukana. Fotei nne za mbao, kila moja na kitambaa cheupe cha kroshe kwenye mugongo wake. Bufe ya vioo yenye glasi 12 zinazotoka siku ya ubatizo tu. Kalenda ya parokia, foto ya ndoa, maua ya plastiki ambayo hayanyauki lakini yanakamata vumbi. Jiko lilikuwa na saruji isiyolainishwa, rangi hakuna, masizi mpaka juu ya mabati. Ukiwaza vizuri, nyumba nyingi za muji huu ziko kama mutu aliyevaa koti nzuri, lakini shati imepasuka kwa mugongo na koti inaificha.

Mapambo hayo ya salo hayakuanguka toka mbinguni. Wakati Union Minière ilipoamua, kuanzia mwaka wa 1928, kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto, badala ya kuwachukua vijana kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ilianza pia kuangalia namna wanavyokaa. Posho ilipimwa kufwatana na ukubwa wa jamaa. Miaka ya 1940 na 1950 foyer social ilifundisha wamama kushona, kufua, kupika, kutandika meza. Bibi zetu walijifunza mule kroshe ya vitambaa vile vya fotei, na sisi wajukuu tunafikiri ni desturi ya Kiafrika! Walifundishwa kwamba nyumba nzuri ni ile mugeni anayoikuta safi, meza iko na kitambaa, kila mutu na sahani yake. Juu ya moto wa makala uliokuwa inje, ambako mama aliinama asubui na mangaribi, tunaona mawazo hayakuwa mengi.

Kiisha kukaja wakati wa picha. Wazazi wetu wanakumbuka salo za miaka ya 1960 na 1970: ukutani kulikuwa picha za rangi zilizochorwa na mafundi wa hapa hapa. Kulikuwa Mamba Muntu, yule mwanamuke mwenyi mukia wa samaki ambaye anamupa mutu utajiri, lakini anamudai kufunga kinywa. Kulikuwa ile iliyoitwa Colonie belge, na polisi anayepiga mufungwa kiboko. Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye alichora historia yote ya inchi katika miaka ya 1970, aliuzia salo za watu wa kawaida kabla ya wataalamu kumujua. Picha hizo zilitundikwa pale mugeni anapoketi, kusudi ziamushe mazungumzo. Hatujasikia kwamba mutu alitundika Mamba Muntu jikoni.

Sasa tuangalie nyumba ya muzungu, kwa sababu ukuta wetu wa jikoni umetoka huko pia. Katika Élisabethville, muji uliozaliwa mwaka wa 1910, nyumba ya muzungu ilikuwa na mbele na nyuma. Mbele: barza, maua, salo, chumba cha kulia. Nyuma: jiko, na ndani zaidi ya lupango, kanyumba ka boyi. Mupishi alitengeneza vyote, akavaa mavazi meupe, akaleta sahani, akarudi nyuma ya mulango. Hakupaswa kusikia maneno ya meza, ijapokuwa aliyasikia yote. Mwaka wa 1965, watumishi wa zamani wa nyumba hizo walisimulia historia ya muji kwa Kiswahili chetu hiki hiki, katika kitabu kidogo kilichoandikwa na André Yav, *Vocabulaire de ville d'Elisabethville*. Kama ungependa kujua muji huu, uliza wale waliosimama nyuma ya mulango wa jiko. Walioketi mezani hawakuona mengi.

Tulipokuwa tunafikiri juu ya nyumba yetu, hilo ndilo tulilotanguliza. Tulijiambia: ukuta huu ni wa muzungu na boyi wake. Muzungu ameondoka, boyi ameondoka, lakini ukuta umebaki, na nyuma yake tumemuweka mama wa watoto.

Yeye mwenyewe alisema wazi zaidi. Siku moja wageni walikuwa wameondoka, walimu wenzetu watatu waliokuja kusahihisha mitihani, na sisi tulikuwa tungali tunacheka maneno ya mumoja wao. Aliingia kukusanya sahani, akasimama. Akasema:

«Miaka kumi na ine minasikia munacheka mu salo, sijue munacheka nini. Bageni banafika, banakula, banaenda. Miye minaona paka masahani.»

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwa hasira. Wakati wa likizo kubwa tulikodi kijana mumoja na nyundo, ukuta kati ya jiko na salo ukaanguka kwa siku mbili. Tuliacha sehemu ya chini, urefu wa kiuno, tukaweka juu yake ubao wa muti. Meza ya kulia tuliisogeza pale, nusu yake jikoni, nusu yake salo. Kuta za jiko tulizilainisha na kuzipaka rangi ya mafuta mpaka urefu wa mutu, kwa sababu rangi ya maji haioshwi, masizi yanaingia ndani yake. Bufe tuliigeuza mugongo upande wa barabara na uso upande wa meza, na tangu siku ile glasi 12 zinatumiwa. Zimebaki tisa.

Kuna jambo moja ambalo wenyi kuleta plani toka telefone hawaambiwi. Jiko lile la Kimarekani linataka umeme usiokatika. Kwetu umeme ukikatika tunarudi kwa mbabula, na mbabula haiwezi kuwashwa katika chumba ambamo watu wanaketi na madirisha yamefungwa. Makala yanatoa gesi ambayo haina rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inaingia katika damu pahali pa hewa safi. Mutu anasikia kichwa kinamuuma, usingizi unamukamata, na anaweza kufwa bila kuita. Usifikiri kwamba kwa sababu hakuna moshi, basi hakuna hatari. Makala yaliyoshika vizuri, mekundu, ndiyo yanayodanganya. Kwa hiyo hata kiisha kuvunja ukuta, mbabula ilibaki inje chini ya mabati ya nyuma, na bukari ikapikwa inje siku nyingi zaidi kuliko ndani. Wacha tuendelee.

Furaha ya meza ile ilikuwa ya kweli. Mama wa watoto aliketi. Alisikia habari, akazikata, akazisahihisha. Watoto walifanyia masomo yao mezani huku yeye anachambua sombe. Wageni walianza kumusalimia yeye kwanza. Hata kijana wetu wa pili, mwenyi miaka 13, alikamata mwiko siku moja bila kuambiwa, kwa sababu maji yalikuwa yamechemka mbele ya macho yake na mama yake alikuwa anasema na mutu. Kama ukuta ungalikuwepo, asingeona.

Lakini ukuta ulipoanguka, ulianguka na vingine. Ulimupa mama nafasi ya kukopa. Mugeni akifika saa sita na ndani hakuna kitu, zamani mama alitokea mulango wa nyuma, akapita kwa jirani, akarudi na mayai mawili ao kikombe cha mafuta, na mugeni hakujua kamwe. Sasa mugeni ameketi, anaona chungu, anaona mukono ndani ya chungu, anaona kwamba ni sombe bila samaki. Mwezi mumoja mushahara ulichelewa, tukapokea mugeni mumoja wa heshima, na tuliona mama wa watoto anazungusha mwiko katika chungu muda murefu kuliko inavyotakiwa, mugongo wake ukitugeukia. Mugeni alitazama kalenda. Sisi tulitazama kalenda. Tulijua siku ile kwamba kuna kuficha ambako hakutokani na uchoyo. Mutu anaweza kuficha ukosefu wake kusudi mugeni asile kwa aibu.

Uchoyo nao upo, tusijidanganye. Kuna nyumba ambamo ukuta wa jiko unasaidia nyama kukaa chunguni mpaka mugeni aage. Wazee walichukia hilo kuliko mambo mengi. Kwa Babemba na Balamba wa kusini, wanaume na vijana walikula pamoja katika nsaka, kibanda kile kisicho na kuta, na kila nyumba ilileta sahani yake. Wamama na watoto wadogo walikula upande wao. Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa kati ya Babemba wa Zambia ya leo, aliandika kitabu kikubwa juu ya chakula chao mwaka wa 1939, na anaonyesha namna chakula kilivyotembea toka nyumba moja mpaka ingine. Kwa hiyo mutu akituambia «desturi yetu ni kula wazi,» anasema kweli. Na mutu akituambia «desturi yetu ni kula kwa siri,» yeye pia anasema kweli, na ana ushahidi mukubwa zaidi.

Ushahidi huo ni masimulizi ya bulopwe. Kila mwanafunzi wa Katanga ameyasikia kidogo. Nkongolo Mwamba, mutawala wa kwanza, alikuwa mutu wa nguvu na wa ukali, alikula na kunywa mbele ya watu wote. Akafika mugeni toka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwindaji. Wakamuletea chakula, akakataa kula mbele ya macho ya watu. Hakukataa chakula chenyewe. Alikataa kutazamwa. Ikabidi apate pahali pa kujifungia, na Nkongolo hakulifurahia jambo hilo. Mwana wa Mbidi, Kalala Ilunga, ndiye aliyemushinda Nkongolo na kuanzisha ufalme wenyewe, na tangu pale mulopwe wa Baluba hakuonekana akila wala akinywa. Luc de Heusch, mutaalamu wa Ubelgiji, alichunguza masimulizi hayo sana katika kitabu chake cha mwaka wa 1972. Tunaporudia maneno hayo darasani, wanafunzi wanacheka: mufalme anajificha kula? Lakini tukiwauliza kama wanaweza kula mukate wao mbele ya darasa zima linalowatazama, wanaacha kucheka.

Ona vizuri: katika masimulizi yale, ustaarabu uliingia katika inchi pamoja na ukuta wa kulia.  Mutu aliyejua haya ya kinywa chake ndiye aliyestahili kutawala. Sisi tulikuwa tunayafundisha haya miaka yote, na tulivunja ukuta bila kuyakumbuka hata mara moja.

Aliyetukumbusha ni mama mukwe wetu. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliopita alipanda gari la moshi kule Bukama, akafika na mizigo miwili: mumoja nguo, mumoja samaki wa kukaushwa wa Upemba, umefungwa vizuri lakini gari lote lilijua ni nini. Kwa miaka yote tangu ndoa, alikuwa amekuja mara tatu, na kila mara mambo yalikwenda sawa. Alipokuwa amefika aliingia kwa mulango wa nyuma, akakaa jikoni na binti yake, akala jikoni. Sisi tulikula salo. Tulisalimiana kwa mbali, yeye ameinama kidogo, sisi tumeinama kidogo, tukaulizana habari kupitia watoto. Ni heshima ya bukwe, hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wa kitabu hiki: mukwe na mama mukwe hawatazamani kinywani. Katika muji wengi wameipunguza, wengine wameiacha kabisa, lakini yeye hakuipunguza, na sisi tulimuheshimu kwa hiyo.

Safari hii alipita nyuma kama kawaida, akafungua mulango wa jiko, akatukuta sisi uso kwa uso na tonge mukononi.

Alirudisha mulango. Tukasikia mizigo inawekwa chini, inje. Mama wa watoto alitoka. Sisi tulibaki na tonge lile, hatukujua kulimeza ao kulirudisha. Kupitia dirisha tulisikia sauti ya mama mukwe, si sauti ya ugomvi, sauti ya mutu anayeuliza njia:

«Mwana wangu, hii nyumba haina mugongo. Miye nitaikala wapi?»

Alikaa juma mbili. Alilala katika chumba cha wasichana, na kutoka pale mpaka inje ilimupasa kupita salo, kwa hiyo kila saa ya kula alikuwa amekwisha kutoka kabla. Alikula chini ya mabati ya nyuma, kando ya mbabula, juu ya kibao. Tulijaribu kula kwa zamu. Alikataa, kwa sababu mwenyi nyumba hawezi kungojea mugeni amalize kusudi naye akaribie meza yake. Tulijaribu kutundika rido kati ya jiko na salo, kitambaa cha maua tulichonunua kwa haraka sokoni. Rido inapeperuka, upepo ukipita, tunamuona, anatuona. Afazali ukosefu kuliko kitu kama hicho. Mwezi wa kwanza hapa ni mvua. Siku moja mvua ilipiga toka upande, ikaingia chini ya mabati, na mutoto wetu wa mwisho akatukimbilia mezani kutuambia kwamba nkambo amefunika sahani yake na kitambaa chake cha kichwa na anaendelea kula.

Tuliondoka mezani siku ile. Hatukujua la kufanya. Tulikwenda kusimama barazani mbele, mvua inatupiga sisi pia, jambo ambalo halikumusaidia mutu yeyote.

Hapa ndipo swali letu lilipo, na tumelizungusha pande zote. Mutu anaweza kusema: mama mukwe ni wa zamani, zamani imepita, azoee. Wenzetu wawili walitushauri hivyo. Lakini heshima yake haikuwa mapambo ya kuondolewa ukutani. Ilikuwa yeye mwenyewe. Tungemulazimisha kuketi mezani, angeketi pengine, na tungekuwa tumemualika mutu mwingine. Tena tukumbuke: yeye hakudai tumujengee kitu. Nyumba ya zamani ilimupa pahali bila kuombwa, na sisi tulipamua pahali pale tukifikiri tunaleta usawa.

Mwingine anaweza kusema: basi rudisheni ukuta. Tulifikiri hivyo pia, na usiku mumoja tulisema hivyo. Mama wa watoto alinyamaza. Kiisha akauliza: «Kusudi mama akule muzuri siku kumi na ine, miye nirudie kule miaka ingine kumi na ine?» Tungejibu nini? Mama yake alikuwa amelala nyuma ya ukuta wa pili, na maneno haya aliyasema chini sana, kwa sababu yeye pia anamupenda mama yake na anajua heshima ni nini.

Tumefika kuona kwamba ule ukuta ulikuwa na baba wawili. Mumoja ni yule wa Élisabethville, aliyetaka mupishi asionekane. Mwingine ni Mbidi Kiluwe, aliyetaka mulaji asionekane. Hao hawafanani. Wa kwanza anaficha mutu kwa sababu ni mudogo. Wa pili anajificha mwenyewe kwa sababu anajua kila mutu, hata mukubwa, anakuwa mudogo akifungua kinywa. Lakini matofali ni yale yale. Ukipiga nyundo, huwezi kuambia tofali: wewe ni la muzungu, anguka, wewe ni la Mbidi, baki. Na hata hao wawili walikwisha kuchanganyika, maana ni nani alimupikia Mbidi kule alikojifungia? Masimulizi hayasemi jina lake.

Kwa hiyo hatukubali tena wanaosema kwamba jiko wazi ni maendeleo, wala wanaosema ni uharibifu wa desturi. Tungemuuliza kila mutu anayejenga maswali mengine, ya chini zaidi. Nani atakaa pahali hapa saa nyingi kwa siku, na alisema nini alipoulizwa? Nani anayekuja mara moja kwa mwaka ambaye hawezi kuketi mezani pako, na atapita wapi akienda inje usiku? Kama chunguni hakuna kitu, mwenyi nyumba atageuza uso wake upande gani? Fundi hatauliza hayo. Fundi anauliza mifuko mingapi ya saruji.

Kwa upande wetu tuliamua hivi. Ukuta haurudi. Meza inabaki pale ilipo, nusu huku, nusu kule. Lakini nyuma ya lupango, mbali na choo, pale penye muti wa maembe, tumeanza kujenga kibanda: nguzo nne, mabati juu, ukuta wa matofali pande tatu mpaka kifuani, na upande wa ine wazi kusudi gesi ya makala isibaki ndani. Mbabula itakaa mule siku ambazo umeme hakuna. Kutakuwa na kibao kirefu ukutani cha kuketi na pahali pa kutundika vyungu. Tumesema na mama wa watoto kwamba pale hakutakuwa jiko la wamama tu. Jumapili sisi wenyewe tutachoma samaki pale, na kijana wa pili amekwisha kuuliza kama anaweza kulala pale wakati wa joto. Mulango wa pili tumeutoboa katika chumba cha wasichana, unatokea nyuma moja kwa moja. Huo umekwisha, una hata kitasa. Nguzo zimesimama. Mabati yalihitajiwa sita, tumenunua mane.

Mama mukwe alipigiwa telefone, akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mama wa watoto anasema, kiisha akauliza ule upande wa ine, ule ulio wazi, utatazama wapi: utatazama nyumba ao utatazama muti wa maembe? Mama wa watoto aligeuka akatutazama sisi, telefone sikioni. Kama utatazama muti, atakula kwa amani, lakini mwenyi kupika mule atakuwa amegeuzia nyumba mugongo tena. Tulimwambia amuombe mama atungojee kidogo. Matofali ya upande ule hatujayapanga bado.